Nani Alikaa kwa Mashine Saa Nne na Dakika Arobaini

Kabiro, Kawangware
Ijumaa, 23 Agosti 2024

Kwa mwana wa ndugu yangu, Shivachi,

Natumai barua hii inakukuta umeamka na umekula. Sisi wapangaji wa huku ploti tuko, ila maji yanakuja siku moja na kukosa mbili. Mama yako Kavetsa alipiga kutoka nyumbani akasema mahindi yamekomaa na ule mguu umepungua kuvimba. Aliniuliza kama umeanza kunyoa ndevu. Nikamwambia aniulize mambo ninayoyajua.

Utashangaa mimi shangazi, Senge yako, kukuandikia karatasi, na kutoka Kibera hadi hapa ni mwendo wa mguu tu. Simu nimeiacha kwa makusudi. Kwa simu unaniambia jambo, kesho nikikuuliza unasema hukusema, na mimi sina pa kukushikia. Karatasi ina tarehe na ina mwandiko. Kuanzia leo mambo ya kompyuta kati yangu na wewe ni ya karatasi. Amolo wa chumba namba saba anashona viatu karibu na soko la Toi, yeye ndiye atakayekuwa akipeleka na kuleta. Bahasha nimeibandika kwa ugali kwa sababu Amolo ni mtu mzuri lakini anapenda habari.

Sasa jambo lenyewe. Mashine ya saiba yangu, hii kompyuta ninayochapia watu karatasi, imekufa. Jumatatu asubuhi nilifungua mlango, nikaiwasha, ikaleta giza na mistari mitatu ya maandishi meupe, basi. Mimi sikugusa kitu. Watu wa mazishi ya mzee Mbuthia walikuwa kwa benchi wakingoja karatasi zao za ibada. Ilibidi waende Riruta kwa saiba ya Gichuru, na Gichuru akamwekea marehemu picha ya mtu mwingine. Familia iliimba mpaka mwisho ikitazama sura ya mgeni.

Wewe ndiye uliyeleta hiyo Linux iendeshe mashine. Wewe ndiye uliyesema ile ya kawaida inajaa virusi. Kwa hivyo sijui ulifanya nini ukiwa huko Kibera, lakini ulifanya. Nataka uandike kwa mkono wako, "Ni mimi Shivachi niliyeharibu mashine ya Senge," utie sahihi. Nitaibandika mlangoni wateja wajue si mimi.

Na nikwambie mapema. Tarehe kumi na nne Desemba tunatarajiwa kwa kina Aketch kuomba mke. Baba yako hayupo na baba zako wadogo hawana mdomo, kwa hivyo wa kusimama na kukusemea ni mimi, dada ya baba yako. Siwezi kusimama kwa nyumba ya watu nikimsifu kijana asiyekubali makosa yake. Bila karatasi, siendi.

Mashine nimeifunika shuka. Asiiguse mtu, hata wewe. Ni ushahidi.

Aliyekulea tangu darasa la tatu,
Senge Phanice


Kibera
Jumapili, 1 Septemba 2024

Niaje Senge,

Aketch amesoma akiwa nyuma yangu, anasema shangazi haambiwi niaje. Basi, habari za siku nyingi, Senge. Sisi tuko fiti. Stima inapotea inarudi. Aketch amehamisha saluni yake karibu na reli na wateja wameongezeka, mpaka vidole vinamuuma jioni. Mama yake, tunayemwita Mama Immaculate kwa jina la kifungua mimba wake, anauliza kila Jumamosi kama tarehe kumi na nne iko. Mimi nasema iko. Sasa sijui kama nasema ukweli.

Usikasirike, Senge. Jumapili iliyopita nilikuja ukiwa kanisani. Lazarus, yule soja wa kulinda usiku, wa chumba cha kwanza, alinifungulia geti akiwa na usingizi wake wa kutoka kazini. Nilifunua shuka, nikawasha mashine kwa flashi yangu, nikaangalia tu. Sikurekebisha kitu. Shuka nimeirudisha vile ilikuwa, hata ule mkunjo.

Habari nzuri ni kwamba kazi zako zote ziko. Barua za wateja, mazishi, harusi, hakuna kilichopotea. Kilichoondoka ni programu. Ndani ya Linux hakuna programu inayoishi peke yake. Kila pakeji inategemea ingine, na hiyo inategemea zingine. Chini kabisa kuna pakeji inaitwa libc6. Hiyo ni kama ile bomba kubwa inayoingiza maji kwa ploti kutoka barabarani. Hakuna mpangaji anayeisalimia, lakini ukiing'oa vyumba vyote ishirini vinakauka. Sasa mtu aliing'oa.

Na mashine haikukubali hivi hivi. Ukitaka kutoa kitu kama hicho inakuonyesha kwanza orodha ya kila kitakachoondoka nacho. Halafu inakataa ukisema ndiyo ya kawaida. Inataka uandike sentensi nzima kwa Kiingereza, maana yake, ndiyo, fanya vile nasema. Na alama ya mshangao mwishoni. Ukikosea herufi moja tu, inasimamisha kazi. Mtu wetu hakukosea.

Tena mashine ina daftari lake, Senge. Kila kinachoingia na kinachotoka inaandika tarehe, saa na jina la aliyeagiza. Hii imeandikwa tarehe 18 Agosti, Jumapili, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Hakukuwa na intaneti siku hiyo, kwa hivyo aliyefanya alikuwa amekaa kwa kile kiti. Na jina lililoandikwa ni phanice.

Mimi sisemi kitu. Pengine mtu alijua pasiwadi yako. Nauliza tu kwa heshima, nani alikuwa ndani ya saiba saa hiyo?

Wako anayekuogopa kidogo,
Shivachi


Kabiro
Jumanne, 10 Septemba 2024

Shivachi,

Tuko wazima. Mama yako anasema mbuzi amezaa. Salamu zimeisha.

Unaniuliza Jumapili saa nne na dakika arobaini nilikuwa wapi? Mimi, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, kiti changu ni benchi la tatu na hata watoto wanajua si pa kukaa. Ni mimi niliyemtoa Mama Sella kwenye uongozi mwaka jana kwa sababu alishikwa akicheza karata kwa simu katikati ya mkutano. Nilisimama mbele ya watu wote nikasema karata ni ya mtu ambaye hana kazi mikononi wala Mungu moyoni. Muulize Mama Sella, bado hanisalimii. Halafu wewe unaniletea daftari la mashine.

Lakini kwa vile umesema mtu alitumia jina langu, nimefanya uchunguzi. Mimi ni kepteka, mtunzaji wa hii ploti, miaka kumi na mmoja, najua kutafuta mkosaji. Niliita mkutano hapo uwanjani, nikauliza nani anamjua libc6. Wote walikana. Khamala wa chumba kumi na moja peke yake alisema anamkumbuka, ati alihama na kitasa cha mlango.

Nikafunga mfereji mpaka mkosaji ajitokeze. Halafu nikapiga hesabu ya watu. Jumapili saa nne ploti yote iko kanisani au sokoni. Anayebaki ni Lazarus, kwa sababu analinda usiku na kulala asubuhi. Nikamuuliza alikuwa wapi, akasema usingizini. Nikamuuliza shahidi ni nani. Mtu aliyelala hana shahidi. Nikampa karatasi aandike ile sentensi ya Kiingereza. Aliiandika bila kosa, na mshangao mwishoni, ati kwa sababu kazini anaandika kitabu cha wageni. Wewe niambie, huo si ushahidi?

Siku ya tatu bila maji, wenzake walimkalia. Akaja mlangoni kwangu na kofia mkononi, akasema, "Mama, kama saa hiyo nilikuwa peke yangu, basi pengine ni mimi." Akauliza kama huyo libc6 ana watoto.

Nimempa notisi. Mwisho wa Oktoba ahame. Lakini yako bado naitaka, kwa sababu pasiwadi aliitoa wapi? Ni wewe uliyeiandika ukutani kwa kalamu.

Senge


Kibera
Jumatatu, 16 Septemba 2024

Senge yangu,

Natumai mgongo umepoa, maana Amolo aliniambia miezi hii umekuwa ukikusumbua Jumapili. Mbuzi wa mama nimefurahi. Aketch anakusalimu, amekuwekea uzi mzuri wa kusukia, njoo siku yoyote.

Senge, nakuomba, muache Lazarus. Huyo mtu hajui hata mahali kompyuta inawashwa. Siku ile nilipokuja alidhani ni televisheni.

Ilibidi nikuandikie na hii, ingawa sikutaka. Kando na lile daftari, mashine inakumbuka kila amri iliyopigwa. Aliyekuwa kwa kiti hakuanza na libc6. Alianza na mchezo mmoja wa karata. Alijaribu kuufuta mara tatu akikosea jina, ukakataa kutoka. Halafu akaiuliza mashine, huu mchezo unategemea nani? Mashine ikampa orodha, na jina la kwanza kwa orodha lilikuwa libc6. Hapo hapo akamgeukia libc6.

Nimefikiria hiyo kitu siku mbili nikitembea. Ni kama mtu aliyesema, huyu mpangaji amekataa kutoka, basi wacha nimtoe aliyemleta, na yeye atamfuata. Kwa kompyuta ni kinyume. Libc6 hakumleta mtu, yeye ndiye kila mtu anamkalia. Lakini sijui ni mtu wa kazi gani angefikiria namna hiyo.

Mashine inajua pia huo mchezo umechezwa siku gani na mara ngapi. Hiyo sitaiandika, na nimekwisha kuisahau.

Nakubali kitu kimoja cha kweli. Huo mchezo ni mimi niliuingiza, ulikuja pamoja na vitu vingine, na sikukwambia uko. Kama kuna mtu aliukuta akaupenda, si dhambi yake peke yake.

Nangoja neno lako,
Shivachi


Kabiro
Jumanne, 8 Oktoba 2024

Shivachi,

Wiki nne umeninyamazia. Amolo alienda Siaya kuzika mjomba na hajarudi, kwa hivyo hii anakuletea Khamala, na Khamala nimemwahidi chai tu. Pengine uliandika, pengine umekasirika. Mimi sijui, na kutojua kunanichosha kuliko kukosana.

Mama yako yuko sawa. Gichuru amechukua mitihani ya ile shule ya watoto iliyokuwa ikija kwangu. Mashine bado iko chini ya shuka. Watu wakipita wanauliza nani amefariki.

Lazarus ameanza kufunga vitu. Ana miaka tisa kwa hicho chumba na vitu vyake vimeingia kwa gunia moja na nusu. Jana aliniletea kigoda chake, akasema huko anakoenda hakitatosha, nikae nacho. Halafu akanishukuru kwa kuwa kepteka mwenye haki. Sikuweza kumaliza chakula.

Leta hiyo karatasi, Shivachi, haya mambo yaishe.

Senge


Kabiro
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Shivachi,

Amolo amerudi. Barua yako ya Septemba imezunguka Siaya wiki nne ndani ya koti na inanuka samaki wa omena. Ukurasa wa kwanza nimesoma. Ukurasa wa pili ulikuwa umelowa, sikuona kitu hata nilipoushika juani. Usijisumbue kuuandika tena.

Senge


Kibera
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Kwa Senge,

Habari za huku ziko kwa Amolo, atakueleza. Huku hakuna mpya. Hii nimeandika kwa herufi kubwa ili isomeke kutoka nje.

MIMI SHIVACHI, FUNDI WA KOMPYUTA, KIBERA, NDIYE NILIYEHARIBU MASHINE YA SAIBA YA KABIRO JUMAPILI TAREHE 18 AGOSTI SAA NNE NA DAKIKA AROBAINI. NILIKUJA MWENYEWE, NIKAKAA KWA KITI, NIKATUMIA JINA LA MWENYE MASHINE BILA RUHUSA, NIKATOA LIBC6. LAZARUS HANA HATIA. MWENYE MASHINE HANA HATIA.

Nimeweka sahihi na kidole gumba kwa wino. Aketch ameweka yake kama shahidi, ingawa alininunia kwanza.

Hapo chini ni ya macho yako tu, kata kabla hujabandika. Senge, kuna sehemu yangu ya kweli. Siku nilipokuletea ile mashine nilikuwa na haraka. Nilikupa funguo zote za mashine kwa pasiwadi moja, za kazi ya saiba na za chini kabisa ambazo hata mimi nazishika kwa woga, na nikakwambia maneno haya, nayakumbuka vizuri: mashine ikikuuliza chochote, wewe kubali tu. Sikukufundisha kusoma orodha. Sikukwambia kwamba ukishapewa hizo funguo, mashine haitakuuliza kama una akili timamu, itakutii tu. Fundi anayemwachia mtu hivyo halafu anaenda zake, huyo naye ameng'oa bomba.

Najua wateja wangu wengine wanatoka huko kwenu. Wacha wasome. Mwache tu Lazarus abaki, na Desemba unisimamie.

Shivachi


Kibera
Jumapili, 10 Novemba 2024

Senge,

Natumai mnaendelea vizuri. Lazarus amenitumia salamu kwamba amefungua gunia. Asante kwa hilo.

Tarehe kumi na nne imefutwa. Mama Immaculate ana dada anayeuza mboga hapo Kabiro, na huyo dada amesoma karatasi mlangoni kwako, akampigia. Mama Immaculate aliniita juzi, akaniweka kwa kiti. Akaniuliza Jumapili tarehe kumi na nane Agosti nilikuwa wapi. Anajua, kwa sababu nilikuwa juu ya paa lake tangu saa mbili nikipigilia mabati, na yeye ndiye alikuwa chini akinipa misumari.

Akasema, mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, ulimi hauna mfupa wa kuushika, lakini huyu amekaa chini akachukua kalamu, akaweka saa, akaweka kidole, na akamfanya binti yangu shahidi wa uongo. Aketch analia. Nampenda huyo msichana, Senge. Sijawahi kukwambia hivyo kwa sababu kwetu haisemwi, lakini ndiyo hivyo.

Sikulaumu. Nimekuandikia tu ili usishone nguo bure.

Shivachi


Kabiro
Jumanne, 19 Novemba 2024

Mwanangu Shivachi,

Mama yako ni mzima, mahindi yameingia ghalani. Hapa ploti kila mtu ana maji. Kaa chini usome, hii ni ndefu na sitairudia.

Ni mimi. Jumapili tarehe kumi na nane Agosti saa nne na dakika arobaini aliyekuwa kwa kiti ni Senge yako. Ukurasa wa pili haukuwa umelowa, niliusoma mara nne.

Ile karata niliigundua mwezi wa Julai nikitafuta mahali pa kuandikia barua ya mteja. Nilidhani nitaitazama dakika tano. Nilipoinua macho, uji ulikuwa umeungua na mteja ameondoka. Jumapili iliyofuata nilituma ujumbe kanisani kwamba mgongo unauma. Mgongo huo uliuma Jumapili sita mfululizo. Wenzangu walinifanyia maombi ya mgongo, Shivachi, na mimi huku natafuta mahali pa kuweka malkia mwekundu. Ile tarehe kumi na nane nikapata habari kwamba wakitoka ibadani wanakuja kuniona, na wakiwa hapo wapige chapa nyimbo za kwaya, na wa kukaa kwa mashine ni Mama Sella. Huyo huyo. Nikaona lazima karata itoke kabla ya ibada kuisha. Mengine uliyaeleza vizuri kuliko mimi. Ndiyo, orodha niliiona ikipita, ndefu. Nilidhani ni watu wake wa karata wote hao, nikafurahi kuwatoa pamoja. Walipofika niliwaambia stima imepotea.

Karatasi yako niliibandika. Siku ya kwanza nilijisikia vizuri. Siku ya pili alikuja mwanamume na laptopu chini ya kwapa, akauliza fundi mzuri ni nani. Kabla sijajibu akasoma mlango, akasema, "Huyu wa Kibera hapana," akaenda zake. Nilisimama hapo na jina lako nyuma ya kichwa changu. Nilikulea useme ukweli, nikakuchapa kwa ajili yake, na sasa ulikuwa umesema uongo mkubwa hivyo ili mimi nipone. Nilitaka kuitoa hapo hapo. Sikuitoa, niliogopa. Ilikaa hapo mpaka barua yako ya juzi ilipofika. Nisamehe kwa hizo siku.

Nikaibandua, nikaenda kwanza kwa Lazarus. Nilimwambia si yeye. Akasema alikuwa ameanza kuota akimng'oa huyo libc6. Kigoda nimerudisha.

Jumapili nikasimama kanisani, nikaomba nafasi baada ya matangazo, nikasema yote. Karata, mgongo, Lazarus. Nikajitoa kwenye uenyekiti kabla hawajanitoa. Mama Sella alikuja nje akanishika mkono, nikadhani ananisamehe. Kumbe alitaka kujua nilifika alama ngapi. Nilipomwambia, akasema yeye alinipita zamani.

Na jana, Jumatatu, nilikuja Kibera bila kukwambia. Nilimkuta Mama Immaculate akichambua mchele. Hakunipa kiti haraka. Nilimwambia yote, tangu uji kuungua hadi Mama Sella. Nilimweleza na habari ya libc6 kwa kutumia bomba la maji kama ulivyonieleza, akaelewa kuliko nilivyoelewa mimi. Nikamwambia, kijana wako hakudanganya ili apate kitu, alidanganya kwa sababu mimi nilimwekea tarehe ya kuomba mke upande mmoja na aibu yangu upande mwingine, nikamwambia achague. Kosa ni langu.

Aliokota jiwe moja mcheleni, akalitupa. Halafu akasema, "Leo amedanganya kwa ajili ya shangazi. Akishamwoa binti yangu, atadanganya kwa ajili ya nani?"

Mwanangu, nimesemea wapangaji mbele ya chifu, nimesemea maiti mbele ya familia zilizogombana, lakini hapo niliacha kusemea mtu. Nikaona nimpe ukweli tu, nimechoka na ile ingine. Nikamwambia, "Mama, atadanganya. Lakini huyu atakuwekea tarehe na sahihi."

Aliniangalia. Halafu akaanza kucheka, akaweka ungo chini, akavua miwani akafuta macho. Aketch alitoka saluni mbio akidhani mama yake amepatwa na jambo. Alipoona ni mimi akasimama mlangoni, nami nikamwita nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Ni msichana mzuri. Ana macho ya mtu anayesoma mpaka mwisho.

Tarehe kumi na nne imerudi. Kuhusu ng'ombe tutaongea huko huko, baba zako wadogo nimewaambia wanyamaze. Lakini Mama Immaculate ametoa sharti moja. Kabla ya ng'ombe, kabla ya soda, kabla hata ya maombi, kitu cha kwanza kuwekwa mezani kiwe ile karatasi yako. Hataki kopi. Anataka yenyewe yenye kidole gumba, aiweke kwa sanduku la vyeti vya watoto wake. Anasema siku Aketch atakapofika kwake akilia, ataitoa akusomee.

Nimeikunjua, nimeipiga pasi, na nimeiweka ndani ya Biblia isikunjamane. Njoo Jumapili uijaribu suti.

Senge yako,
Phanice